Itajenga au Ingejenga? Vitenzi vya Kutaarifu na Kivuli cha Kiingereza

Katika kurasa za aina hii aghalabu tunajadili istilahi moja moja: chombo hiki kiitwe nini, dhana ile ipewe jina gani, neno la Kiarabu lipokelewe au litafutwe la Kibantu. Safari hii tunaomba ruhusa ya wasomaji tuyaache majina, tutazame jambo dogo ambalo halimo katika orodha yoyote ya istilahi, lakini ambalo, kwa maoni yetu, linaharibu tafsiri nyingi kuliko istilahi mbaya. Nalo ni namna tunavyotaarifu maneno ya mtu mwingine pindi maneno hayo yanapotufikia kwa Kiingereza, yakiwa yametanguliwa na kitenzi kama 'said', 'claimed', 'admitted', 'denied' au 'suggested', na nyuma yake likafuata lile neno 'that'.

Mmoja wetu alipata kuhudhuria mkutano wa kijiji ambapo ilisomwa barua kutoka ofisi moja. Wanakijiji walikuwa wakingojea fidia ya mashamba yaliyopitiwa na barabara. Barua ilikuwa imefasiriwa kutoka Kiingereza, na sentensi yake ya maana ilisema hivi: 'Ofisi ilieleza kwamba ingelipa fidia kabla ya msimu wa kupanda.' Mzee mmoja akainuka, akaomba radhi, akauliza: 'Mwenyekiti, tumesikia kwamba ingelipa. Sasa nini kimeizuia isilipe?' Mwenyekiti hakulielewa swali. Yeye alikuwa ameiona nakala ya Kiingereza na alijua kwamba fidia italipwa. Mzee hakuwa na nakala ya Kiingereza. Alikuwa na Kiswahili chake tu, na Kiswahili hicho kilimwambia kwamba malipo yana kizuizi ambacho hakikutajwa. Ilichukua muda mrefu kuwatuliza watu, na hatuna hakika kwamba wote walitulia.

Mfasiri wa barua ile hakukosea neno hata moja, ukiyatazama maneno mbalimbali. Kiingereza kilisema: 'The office explained that it would pay compensation before the planting season.' Katika kamusi 'would' huelekezwa kwenye -nge-, naye akaandika -nge-. Kosa lake ni kwamba hakujiuliza neno lile 'would' limefikaje pale. Halikuletwa na sharti lolote. Limeletwa na desturi ya Kiingereza ya kuyavuta nyuma maneno yaliyotaarifiwa, pindi kitenzi cha kutaarifu kinapokuwa katika wakati uliopita. Ofisi ilisema 'we will pay'. Mwenye kutaarifu akaandika 'it would pay'. Vivyo hivyo 'I am ill' hugeuka 'he said that he was ill', hata kama mgonjwa bado yu kitandani wakati tunaposoma. Na 'I have seen him' hugeuka 'he said that he had seen him'. Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, aliishughulikia desturi hii katika kitabu chake The Philosophy of Grammar cha mwaka 1924, na walimu wa Kiingereza duniani kote huifundisha. Hata Waingereza wenyewe hawaifuati daima: jambo lililo kweli siku zote huachwa mara nyingi katika wakati uliopo, kama mtu anaposema kwamba mwalimu aliwaambia watoto kuwa dunia huzunguka jua.

Kiswahili hakina desturi hiyo. Mswahili anapotaarifu maneno ya mwenziwe hubadilisha nafsi, hubadilisha pengine 'hapa' na 'kesho', lakini wakati wa kitenzi huuacha pale ulipokuwa kinywani mwa msemaji. 'Ninaumwa' huwa 'alisema anaumwa'. 'Nimemwona' huwa 'alisema amemwona'. 'Nitalipa' huwa 'alisema atalipa'. Ukisema 'alisema aliumwa', msikilizaji atakuuliza kama amekwisha kupona. Jambo hili si upungufu wa Kiswahili, wala si Kiswahili peke yake chenye tabia hii: Kirusi nacho hufanya vivyo hivyo, na hakuna anayekiona Kirusi kuwa lugha isiyojua kupanga nyakati.

Tena yafaa tuone kwamba desturi ya Kiingereza huleta utata mahali ambapo sisi hatuna utata. Mtu akiandika 'He said that he would come if he had the fare', huwezi kujua kwa maneno hayo peke yake kama msemaji alisema 'nitakuja nikipata nauli' au 'ningekuja kama ningekuwa na nauli'. Wa kwanza bado anatafuta pesa, na huenda yuko njiani. Wa pili ameomba radhi, naye hatakuja. Kiingereza kimewavika wote wawili nguo moja. Kiswahili kinawatenganisha bila taabu: 'alisema atakuja akipata nauli', 'alisema angekuja kama angekuwa na nauli'. Mfasiri akiandika 'angekuja' kila aonapo 'would', ametupa tofauti ambayo lugha yake mwenyewe ilikuwa imempa bure.

Lawama hatuwatupii wafasiri peke yao. Wengi wao walifundishwa hivyo darasani. Katika vitabu vya shule, na zaidi katika vile vya jirani zetu wa Kenya, somo la usemi halisi na usemi wa taarifa huja na kanuni: -ta- hugeuka -nge-, -me- hugeuka -li-, -na- hugeuka 'alikuwa ana-'. Mwanafunzi hupewa sentensi 'Nitakwenda sokoni', na jibu linalotakiwa ni 'Alisema kwamba angekwenda sokoni'. Akijibu 'atakwenda', kama wasemavyo mama yake na nyanya yake, hukosa alama. Ukiitazama kanuni hii, utaona kwamba ni jedwali la Kiingereza lililobandikwa viambishi vya Kiswahili. Haikutokana na kuwasikiliza Waswahili wanavyotaarifiana habari barazani, bandarini au msibani. Na ubaya wake ni kwamba mtoto anayeijua lugha yake ndiye anayeadhibiwa, na yule anayeifasiri kutoka Kiingereza kichwani ndiye anayepongezwa.

Tunajua lipo jibu. Wako wenye kusema kwamba matumizi haya yamekwisha kuenea magazetini na redioni, na kwamba lugha ni ya watu wanaoitumia, kwa hiyo -nge- imekwisha kupata kazi mpya ya kuonyesha wakati ujao unaotazamwa kutoka nyuma. Hoja hii hatuidharau. Lugha hubadilika, na -nge- yenyewe imekwisha kubadilika: wengi wetu siku hizi hatutofautishi tena -nge- na -ngali- kama wazee wa mwambao. Lakini kazi mpya huwa na faida pale inapoongeza kitu. Hii inapunguza. Msomaji anayekutana na 'Waziri alisema Serikali ingejenga zahanati' analazimika kukisia kama asubiri zahanati au asahau. Ikiwa kuenea kwa matumizi kunatosha kuyahalalisha, basi tuwaulize wale wanaosomewa, siyo wale wanaoandika peke yao. Yule mzee wa mkutano alikwisha kutoa jibu lake.

Sasa tulitazame lenyewe neno 'that', na neno letu 'kwamba' ambalo tumezoea kuliweka mahali pake. Watu huyachukua kama mizani miwili ya duka moja, na kwa kweli asili yake ni mbali sana. 'That' ni neno la kuonyesha: ni 'ile' au 'hiyo' ya Kiingereza cha kale. Mtu alikuwa kama anasema jambo, kisha anaelekeza kidole kwenye maneno yanayofuata. 'Kwamba' haikuwahi kuonyesha kitu. Ni kitenzi: ku- pamoja na -amba, yaani kusema. Jamaa zake tunao kila siku, nao ni -ambia na -ambiana, hata yule 'amba-' wa kurejesha. Katika lahaja za kaskazini na katika mashairi ya zamani -amba hutembea peke yake kama kitenzi kamili, na mahali pengine kumwamba mtu ni kumsengenya. Kwa hiyo aliyesema 'alisema kwamba' amesema, kwa asili, 'alisema kusema'. Jambo hili si la ajabu. Lugha nyingi za Afrika zimefanya kitenzi cha kusema kuwa kiungo cha namna hii.

Kwa mfasiri faida ya kulijua hili ni kwamba 'kwamba' si deni linalopaswa kulipwa kila 'that' inapotokea. Kiingereza chenyewe huiacha 'that' mara nyingi baada ya 'say', 'think' na 'know', na huishikilia zaidi baada ya vitenzi vizito kama 'object' na 'argue'. Kiswahili nacho huiacha 'kwamba' kwa urahisi. 'Alisema atakuja' ni sentensi timamu, na mara nyingi ni nzuri kuliko ndugu yake ndefu. Tumesoma taarifa ya ukurasa mmoja yenye 'kwamba' ishirini na tatu, na nyingine ambamo mwandishi, kwa kuogopa kurudia, alizungusha 'kwamba', 'kuwa', 'ya kwamba' na 'ya kuwa' kwa zamu kama watu wanaobadilishana lindo. Hakuna haja. Ila 'kuwa' itumiwe kwa tahadhari, kwani ni kitenzi pia. 'Alidai kuwa mwalimu' inakamilika hapo kwa msomaji mmoja, na kwa mwingine inangojea mwalimu huyo afanye jambo. Na aliyeandika 'alisema kuwa kuwa kiongozi ni kazi ngumu' hakuisoma sentensi yake kwa sauti.

Tukitoka kwenye kiungo tukaingia kwenye vitenzi vyenyewe, hapa ndipo penye madhara makubwa zaidi, maana kitenzi cha kutaarifu ni hukumu. Kiingereza kina vitenzi ambavyo anayevitumia anakuwa ameidhinisha kwamba jambo lililosemwa ni kweli, kama 'point out', 'reveal' na 'realise'. Kina vingine ambavyo anayevitumia anakaa mbali nalo, kama 'claim' na 'allege'. Na kina 'say', ambacho hakina upande. Kiswahili cha mazungumzo hufanya kazi hii ya kukaa mbali kwa neno dogo lisilo kitenzi: 'eti'. 'Alisema eti hakuona kitu.' Hapo kila mtu amekwisha kujua msimulizi anaonaje. Lakini 'eti' ina kejeli ndani yake, wala haiwezi kuingia katika muhtasari wa kikao au hukumu ya mahakama. Pengo hilo likajazwa na 'kudai'.

'Kudai' ni neno lenye heshima yake. Ni kutaka kilicho haki yako: unadai deni, wafanyakazi wanadai mishahara, na katika shauri la madai yupo mdai na yupo mdaiwa. Halikuwa neno la kumshuku mtu. Limepata shuku kwa kupitia mlango wa 'claim', ambayo kwa Kiingereza nayo hudai mali na pia husema jambo bila ushahidi. Hatusemi neno hili liondolewe. Limekwisha kukaa, na mahakamani na magazetini lina kazi halali pale jambo linapotajwa bila kuthibitishwa. Tunachokataa ni kulifanya badala ya 'kusema'. 'Daktari alidai kwamba mgonjwa anahitaji damu.' 'Mama wa mtoto alidai kwamba mwanawe hajarudi nyumbani tangu jana.' Mwandishi wa sentensi hizi pengine alitaka tu kuepuka kurudia 'alisema', kumbe amemfanya daktari mwongo na mama mzushi. Na katika kauli ya kutendwa hatari huongezeka: 'anadaiwa' ni mtu mwenye deni. Tukiandika 'anadaiwa kuiba shilingi elfu kumi', msomaji asiye mzoefu wa magazeti anaanza na deni na kumaliza na wizi. 'Anatuhumiwa kuiba' inatosha, na ikiwa amekwisha kufikishwa mahakamani, 'anashtakiwa kwa wizi'.

'Kukiri' nayo ina nyuso mbili. Maofisini tunaandika 'nakiri kupokea barua yako', wala hakuna anayeona aibu. Mahakamani mtu hukiri kosa. Kiingereza kinazigawa kazi hizi kwa vitenzi mbalimbali: 'acknowledge' hukiri kupokea, 'confess' hukiri kosa, na 'admit' huelea katikati, kwani mtu anaweza kukubali hoja ya mwenzake bila kuwa na kosa lolote. Mfasiri akiona 'The director acknowledged that the funds had been received', akaandika 'Mkurugenzi alikiri kwamba fedha zimepokelewa', kesho yake watu watauliza fedha hizo zimekwenda wapi. Hapo 'alithibitisha' ndiyo salama. 'Admit' ya kukubali hoja iwe 'alikubali', na 'alikiri' tuiwekee jambo ambalo msemaji angependa lisijulikane.

Vitenzi vya kukana vinataka uangalifu wa pekee, na hapa tunadhani wakosoaji wengi wamewaonea waandishi. 'Deny' ya Kiingereza imebeba ukanushi wote ndani yake, na kishazi kinachofuata hubaki cha kukubali: 'He denied that he had stolen the bicycle.' Waandishi wetu mara nyingi huandika 'alikana kwamba hakuiba baiskeli', na wakosoaji huwacheka, wakisema kwamba mwenye kukana kuwa hakuiba amekiri kuiba. Kwa hesabu za mantiki ni kweli. Lakini Kiswahili kina mtindo wake wa zamani wa kurudia ukanushi baada ya vitenzi vya kuzuia na kukataza. Tunasema 'alinizuia nisiende', 'aliwakataza watoto wasicheze barabarani', na hakuna anayedhani kwamba watoto waliruhusiwa kucheza. Yule mzee wa kijiji alisema 'nini kimeizuia isilipe', na alisema sawasawa. Mwandishi anayesema 'alikana kwamba hakuiba' anatembea katika njia hiyo hiyo ya lugha yake. Kwa hiyo hatumwiti mjinga. Twamwambia tu kwamba mbele ya wakili njia hiyo ina shimo, na kwamba ipo nyingine fupi isiyo na shimo: 'alikana kuiba baiskeli'. Na ikiwa kishazi hakikwepeki, avunje sentensi: 'alikana, akasema hakuiba'. Huo ndio mtindo wa masimulizi yetu, na hauna utata hata kidogo.

Kuna kitenzi kimoja ambacho kimetuletea mtindo mbaya katika taarifa za kitaalamu, nacho ni 'suggest'. Kwa Kiingereza mtu husuggest jambo lifanyike, na pia ushahidi husuggest kwamba jambo fulani liko hivi. Maana hizi hutofautishwa na umbo la kitenzi kinachofuata: 'the doctor suggested that he rest' ni ushauri, 'the letter suggested that he was resting' ni habari. Siku hizi tunasoma kila mara kwamba 'utafiti unapendekeza kwamba mvua zinapungua'. Hakuna utafiti unaopendekeza mvua zipungue. Utafiti unaonyesha, au, ukiwa hauna uhakika, unadokeza. 'Kupendekeza' tumwachie mtu au kamati, na baada yake kitenzi kiishie na -e: 'kamati ilipendekeza barabara ifunguliwe'. Mfasiri anayeandika 'kamati ilipendekeza kwamba barabara inapaswa kufunguliwa' amefasiri 'should' ambayo kwa Kiingereza haina kazi nyingine pale isipokuwa kuonyesha kwamba hilo ni pendekezo. Na sisi kazi hiyo hufanywa na herufi moja mwishoni mwa kitenzi.

Hakika katika jambo hili la -e Kiswahili kina nguvu ambayo Kiingereza cha leo kinaipoteza. 'He insisted that she goes' na 'he insisted that she go' hutofautiana kwa herufi chache tu, na Waingereza wengi katika mazungumzo hawajali tofauti hiyo. Kwetu hakuna anayechanganya 'alisisitiza kwamba anakwenda' na 'alisisitiza aende'. Hata 'kusema' tupu hugeuka amri kwa -e: 'Bwana shamba alisema tupande mapema.' Hakuna haja ya 'aliagiza', wala ya 'alitaka kwamba tupande'.

Sasa tueleze kwa nini tunayachukua haya kwa uzito. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa nchini Tanzania, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Kabla ya hapo Mahakama za Mwanzo ziliendeshwa kwa Kiswahili, lakini katika mahakama za juu kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Shahidi alisimama kizimbani akasema maneno yake kwa Kiswahili. Hakimu akayaandika kwa Kiingereza, tena mara nyingi kwa usemi wa taarifa. Kumbukumbu na hukumu za aina hiyo zipo kwa wingi, na kila zinapofasiriwa, neno la shahidi linarudi nyumbani baada ya safari ya kwenda na kurudi. Je, linarudi lile lile?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu anadaiwa bei ya ng'ombe wawili. Anaulizwa mbele ya wazee, anajibu: 'Nitamlipa.' Maneno hayo ni ushahidi kwamba deni analijua na amelikubali. Mahakamani shahidi anayakariri, na kumbukumbu inaandikwa: 'The witness stated that the defendant had said that he would pay him.' Mfasiri wetu anaandika: 'Shahidi alidai kwamba mdaiwa alikuwa amesema kwamba angemlipa.' Tazama yaliyotokea. Shahidi aliyesema tu sasa anadai, kwa hiyo ameanza kushukiwa. Mdaiwa aliyeahidi sasa angelipa, kwa hiyo huenda alikuwa na sababu ya kutolipa. Kila neno la mfasiri lina mwenzake katika kamusi, na shauri limegeuka. Aliyepaswa kuandikwa ni huyu: 'Shahidi alieleza kwamba mdaiwa alisema atamlipa.' Katika sentensi hiyo mdaiwa anasikika kama alivyosikika siku ile mbele ya wazee.

Wafasiri wa mahakama watatuambia kwamba hawana ruhusa ya kubadilisha wakati wa vitenzi, kwa kuwa wanatakiwa wawe waaminifu kwa maandishi yaliyo mbele yao. Tunawajibu kwamba uaminifu wao ni kwa maana ya maandishi hayo, na wakati wa kitenzi kilichovutwa nyuma si sehemu ya maana. Ni sehemu ya sarufi ya Kiingereza tu, kama ilivyo 'the' ambayo hakuna mfasiri anayeitafutia mwenzake kila inapotokea. Pale ambapo Kiingereza chenyewe kina utata, kama ule wa nauli, wala faili lote halionyeshi lipi lilikusudiwa, hapo mfasiri aseme wazi katika maelezo ya pembeni kwamba sentensi inabeba maana mbili. Asichague kimyakimya.

Juu ya 'inasemekana' tutasema machache. Kiingereza hupenda kuficha mwenye kauli: 'it is said that', 'it was noted that'. Kiswahili kina njia zake, 'inasemekana' na 'yasemekana', nazo zinafaa kwa uvumi. Katika muhtasari wa kikao hazifai, wala 'ilitambuliwa kwamba' haifai sana. Kikao kina watu. 'Wajumbe waliona kwamba', 'Katibu alikieleza kikao kwamba': hapo mtu atakayeulizwa baadaye anajulikana. Na iwapo kikao kilielezwa tu, kisiandikwe kuwa kilitambua. Kusikia habari si kuikubali.

Limebaki moja ambalo sisi wenyewe hatujakubaliana. Mawakili wa Kiingereza hawasemi mbele ya hakimu kwamba jambo liko hivi. Wao 'submit that'. Ni kitenzi cha adabu: wakili anaweka hoja yake chini ya uamuzi wa mahakama. Tumeona ikifasiriwa 'aliwasilisha kwamba', ambayo masikio yetu yanaikataa, kwani kuwasilisha kunataka kitu kinachowasilishwa. 'Aliwasilisha hoja kwamba' ni sahihi lakini ni ndefu, na katika hukumu moja inaweza kurudi mara hamsini. 'Alidai kwamba' inarudisha lile neno tulilokwisha kulilalamikia, ingawa katika shauri la madai ina haki zaidi ya kuwepo. 'Alitoa hoja kwamba' ni fupi kidogo, ila hiyo tungependa kumwekea 'argue', ambaye naye ameteseka vya kutosha kwa kufasiriwa 'alibishana'. Mwenzetu mmoja anapendekeza 'alinena kwamba', na mwingine anasema 'kunena' kumekwisha kuchukuliwa na washairi na wahubiri. Wasomaji wetu walioko mahakamani, na hasa makarani na wafasiri wanaokutana na neno hili kila siku, watuandikie wanatumia nini, na wananchi walioko nje ya ukumbi wanapolisikia hulielewaje.